Pilipili za Qali na Ngamia wa Dagane

Kama hujawahi kupiga chafya mpaka ukasahau ulikuwa unakwenda wapi, basi hujapita nyuma ya nyumba ya Qali siku anayokaanga pilipili. Watoto wa bulla yetu, yaani mtaa wetu, wanamjua. Wakimwona amejifunga shali puani na kuinjika karai, wanatimua mbio huku wanacheka. Mimi sikimbii. Mimi ndiye niliyempa mche wa kwanza, na mtu hakimbii kazi ya mkono wake. Napiga chafya zangu palepale, namsema kidogo, halafu tunakunywa chai.

Naitwa Habona. Sisi ni watu wa mto. Babu zangu walilima ukingoni mwa Tana, hapa Garissa, kabla ya daraja na kabla ya lami, na mimi nalima palepale walipolima wao. Qali ni mtu wa ngamia. Alizaliwa upande wa Kutulo, huko Mandera, akakuzwa kwa maziwa na nyama, na mpaka anafika kwetu alikuwa hajawahi kushika jembe. Ukame ule mkali ndio uliomleta. Ulipomaliza wanyama, yeye na mumewe Dagane walishuka hadi Garissa wakiwa na vyombo vyao vya maziwa na ngamia jike mmoja, mweupe, jina lake Adey. Binti yao Leyla alikuwa ameshaolewa Masalani, kwa hiyo walikuja wawili tu. Watatu, ukimhesabu Adey, na Dagane humhesabu.

Siku ya kwanza nilimkuta amesimama kwenye mpaka wa shamba langu, ndara mkononi, anautazama mfereji wa maji kwa wivu mtupu.

"Abaayo," akaniita, yaani dada, "hii bilibili unauza na mti yake?"

Bilibili, ndivyo wanavyotamka kwao, na mpaka leo nikimwiga ananichapa begani kwa ncha ya shali.

"Mti wa nini, dada? Watu hununua pilipili yenyewe."

"Yenyewe itaisha. Mimi nataka ya kubaki."

Nikacheka sana. Mama mzima, mkono laini wa mtu wa kukamua, eti anataka kulima! Nikampa mche mmoja wa pilipili kichaa, nikijua utamfia. Akaupanda kwenye kopo la samli. Haukufa, ukazaa mpaka ukainama. Basi nikamkatia kipande cha shamba upande wa mto, matuta machache, nikamwambia lima tuone. Watu wakaanza maneno yao. Wa kwake wakasema Qali amejishusha, amekuwa mchimba udongo. Wa kwangu wakasema Habona anagawa ardhi kwa wageni. Mmoja aliponijia na lile la kusema pilipili ya shamba yakuwashiani, nikamjibu, shamba lenyewe ni langu, kwa hiyo itaniwasha nikitaka. Akaondoka.

Jamani, mimi nimelima pilipili tangu utotoni na nilidhani kazi yake ni kutiwa kwenye mchuzi, basi. Qali hakuwa na mazoea hayo, kwa hiyo kila alichokiona alikijaribia pilipili. Zile mbichi anazisaga na limau, kitunguu saumu na dania, anapata basbaas ya kijani, achari yao ya kuchovyea, ambayo wenye hoteli wanaigombania kwa ajili ya sambusa. Zile nyekundu anazianika mkekani, anazikaanga na kuzitwanga na chumvi. Mbuzi wakitafuna kamba, anaipaka kamba. Vidukari wakivamia mboga, anachemsha pilipili, anachanganya na sabuni ya kipande na kuwanyunyizia. Mahindi yangu ya mbegu anayatilia pilipili kavu guniani, na fukusi hawaonekani. Kima wakishuka kutoka kwenye miti ya mtoni, anachoma pilipili na kinyesi kikavu cha ngamia upande unaotoka upepo, wanarudi walikotoka wakikohoa kama wazee. Magoti yangu anayasugua kwa mafuta ya simsim yaliyolowekwa pilipili, na magoti yangu, wallahi, yanamwombea dua. Hata majani hayatupi, anayapika. Na kama umeshika pilipili usijifanye hodari wa kunawa maji; paka mafuta kwanza. Hilo nalo alilijua baada ya kulia sana.

Mtu mmoja tu alikuwa hataki hata kuonja. Dagane.

Usinielewe vibaya, shemeji yangu ni mtu mwema. Ni mrefu, mkimya, swala zake haziachi, na sijamsikia akimpandishia Qali sauti. Lakini moyo wake ulikuwa bado kule kaskazini. Chakula chenye pilipili alikisogeza pembeni kwa adabu akasema ulimi wake ulizoea maziwa. Shambani hakukanyaga. Akitaka kumwita mkewe alisimama juu kwenye barabara ya vumbi na kukohoa mpaka tumsikie. Kila siku alimpeleka Adey malishoni pembezoni mwa mji, akarudi naye, akamfunga penye zizi dogo karibu na nyumba.

Na hilo zizi ndilo lililonifumbua macho. Lilikuwa matawi ya miiba yaliyoburutwa tu, yamerushwa hapa na pale, mbuzi mwenye akili angepita. Nikamuuliza Qali, kwani mumeo hajui kujenga ua?

"Anajua sana," akasema. "Sisi tuna ua mbili. Ya safari, unaburuta miiba tu, asubuhi unaiacha. Na ya kukaa. Hiyo unasuka, tawi ndani ya tawi, nene, hata fisi haingii. Mwanaume akisuka, mke anajua hapa ni nyumbani."

"Na hii?"

"Hii ya safari, abaayo."

Walikuwa wamekaa miaka kadhaa ndani ya hiyo ya safari. Nilihisi uchungu, nikajifanya natafuta jembe.

Basi Adey akabeba mimba, na hapo ndipo maneno yakaanza. Dagane alikuwa na binamu yake, Bishar, mwenye kundi lake ng'ambo ya daraja, aliyekuwa akingoja mvua ili ahamie kaskazini. Dagane akasema mbele ya wazee, si kwa hasira, alisema tu kama mtu anayetaja siku ya sikukuu: Adey akizaa na maziwa yakashuka, na wao watafuatana na Bishar, warudi kwao. Mwenye ngamia wa maziwa na ndama ana pa kuanzia. Qali alikuwa nyuma ya pazia anamimina chai.

Kesho yake shambani alinipalilia tuta langu badala ya lake. Nikamwambia, "Qali, hilo si lako." Akakaa chini katikati ya mche na mche, akasema, "Mimi sitaki kwenda, Habona. Nimefukuzana na mvua maisha yangu yote. Huu mti unakaa mahali pamoja na unanipa kila siku. Mimi nataka kuwa kama huu mti." Alilia, nami nikalia, halafu tukachuma kwa sababu mwenye hoteli alikuwa anangoja.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambie nini? Ile ngamia ndiyo heshima yake imebaki. Nimwambie aitupe?"

Adey akazaa asubuhi moja, Dagane akiwa msikitini. Ndama alitoka amekufa. Aliyefika kwanza alikuwa jirani yetu Sugow, mtoto wa mjini, mwenye duka la kuchaji simu, mtu wa huruma kupita kiasi. Huyo Sugow akaona mzoga, akaona inzi, akafikiri: masikini mzee, asije akayaona haya. Akachukua mkokoteni wake wa punda, akaupeleka mzoga hadi mtoni, akausukuma majini. Mamba wakafanya yao. Alirudi amejifuta jasho, anangoja kushukuriwa.

Dagane aliposikia alikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Nitakueleza, maana mimi pia sikujua. Ngamia hamjui mtoto wake kwa macho, humjua kwa pua. Mtoto akifa, mama huyafunga maziwa, wala humlazimishi. Ndiyo sababu wafugaji huchuna ngozi ya ndama mfu, wakamvika ndama mwingine asiye na mama. Yule jike ananusa, anasikia harufu ya wake, anaachia. Na ndama asiye na mama alikuwapo: Bishar alikuwa naye, mama yake alikufa kwa kuumwa na nyoka, na walikuwa wakimnywesha maziwa ya mbuzi kwa chupa, mbavu nje. Kilichokosekana ni ngozi. Ngozi ilikuwa tumboni mwa mamba, na Sugow wa watu anaomba radhi mpaka anatetemeka.

Dagane akamwambia, "Hukujua, mwanangu." Tu. Mimi ningempiga kwa mwiko.

Wakamleta yule ndama hata hivyo. Adey akanusa mara moja, akampiga teke akaanguka. Wakajaribu tena, akamng'ata. Kule porini, Dagane alisema, kuna mzizi unaowasha, wanautia puani mwa jike asisikie harufu mpaka amzoee mgeni. Lakini mzizi huo unaota kwenye vilima vya huko Mandera, si kwenye mchanga wetu. Adey akasimama pale alipozalia, anainua shingo, analia. Sauti ile inatoka ndani kabisa. Tuliisikia mpaka shambani. Maziwa yasiposhuka kwa siku chache hukauka, na jike aliyekauka, asiye na ndama, katika mji huu ana njia moja tu, ya kwa mchinjaji.

Qali alikuwa anachuma. Akasimama.

"Mama yangu alifanya hivyo kwa bilibili," akasema.

"Alifanya nini?"

"Mwaka mmoja hatukupata mzizi. Mama akanunua bilibili kavu dukani, akasaga, akachanganya na samli, akapaka ndani ya pua ya ngamia. Pua ikazimika. Ikamkubali mtoto." Akatazama matuta yake. Yalikuwa mekundu, yamejaa. "Baba Leyla hajui. Kwao hawakufanya hivyo."

Nilielewa mara moja, na nilimjibu mara moja.

"Nyamaza."

"Habona!"

"Nyamaza, nakwambia! Umeniambia unataka kukaa. Mungu amekupa kukaa, bila wewe kugombana na mtu. Chuma pilipili zako."

"Itauzwa kwa mchinjaji."

"Wangapi wanauzwa! Tunakula nyama ya ngamia kila Ijumaa, leo ndiyo umeona huruma?"

"Na Baba Leyla?"

"Atahuzunika, atapoa. Mwanamume hafi kwa sababu ya ngamia."

Qali akanitazama kwa upole, na upole wake ndio uliniudhi zaidi. "Huyu atakufa," akasema. "Si leo. Polepole polepole, amekaa kwenye kiti ya Sugow, anaangalia watu wakichaji simu."

Nikamgeuzia mgongo. Sikutaka aende, kwa nini nijifanye nilitaka? Nilikuwa na rafiki mmoja tu wa kuchekana naye katika matuta yale. Nikamsikia nyuma yangu anakunja mkeka wa pilipili kavu. Nikasema moyoni, haya, nenda, mjinga mkubwa. Kisha nikamfuata, maana mchi wake ulikuwa kwangu.

Tulitwanga pamoja. Kila pigo la mchi nilikuwa natukana. Qali akachanganya unga na samli mpaka ukawa laini, akaweka kwenye kifuniko cha kopo, akavaa shali vizuri, akaenda hadi penye zizi. Bishar alikuwapo, na Sugow, na Dagane ameshika kamba.

"Umeleta nini?" Dagane akauliza.

"Pua yake ndiyo inakataa," Qali akasema. "Tuzime pua."

Dagane akakitazama kile kifuniko. Kile kitu ambacho hakutaka kiguse hata sahani yake! Nilidhani atakataa. Akampigisha Adey magoti, akamfunga mguu, akamshika shingo kwa mkono wake mrefu, akimnong'oneza maneno ya kwao. Qali akapaka, kidogo tu, kwa ncha ya kidole, pua hii na pua ile.

Lo! Adey alipiga chafya, na chafya ya ngamia si mzaha. Ilimpata Bishar usoni. Sugow akakimbia. Dagane akajifuta jicho kwa mkono uleule uliorukiwa na chafya, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamsikia mzee wa watu akipiga ukelele. "Mafuta!" tukamlilia. "Usioshe na maji, mafuta!" Huku Qali anacheka na machozi yanamtoka, na Adey machozi, na mimi machozi. Ungepita hapo ungesema kuna msiba.

Katikati ya vurugu ile Adey akafunguliwa mguu, akasimama, Qali akamkamua matone machache, ndiyo yaliyopatikana, akampaka ndama mgongoni na kichwani pamoja na chumvi, akamsukuma mbele. Adey akashusha kichwa. Pua yake inatiririka, hasikii chochote. Akaonja chumvi. Akalamba. Akalamba tena. Ndama akajikokota hadi chini yake, akatafuta, akapata. Tukasikia anameza.

"Alhamdulillah," akasema Dagane, jicho moja limefumba.

Tulikaa pale mpaka jua likapungua makali. Ndama alinyonya, akalala, akanyonya tena, na pua ya Adey ilipofunguka, yule mtoto alishanukia maziwa ya Adey mwenyewe. Alikuwa wake. Hapo ndipo Dagane alipomuuliza mkewe, na mimi nilikuwa karibu, nikasikia.

"Dawa hii uliijua tangu lini?"

"Tangu kwa mama yangu."

"Na ulijua maziwa yakishuka tunahama."

"Nilijua."

"Na hutaki kuhama."

Qali hakuwa amemwambia hata mara moja. "Sitaki," akasema.

"Ukaleta hata hivyo."

"Ndama alikuwa na njaa."

Dagane akageuka, akaenda kumpapasa Adey shingo. Mimi nikasema moyoni, huyu mtu ana moyo wa jiwe.

Mvua zikanyesha kaskazini. Bishar akatuma habari kwamba anafungasha. Qali naye akafungasha. Vyombo vya maziwa akavifunga kamba, mbegu za pilipili akazifunga kwenye pembe ya shali, fundo dogo, akaniletea jembe lake shambani asubuhi ya safari. Akanionyesha tuta lipi linataka maji na lipi lisiguswe. Mimi nalijua shamba langu tangu kabla yeye hajaona mto, lakini nilimwacha aseme. Ningefungua mdomo ningelia.

"Mumeo yuko wapi?" nikauliza mwishoni.

"Sijui. Ameondoka alfajiri na punda ya Sugow."

"Hata siku ya safari! Wanaume wako hivi!"

Tukasikia mtu anakohoa juu barabarani. Nikainua macho, tayari kumpa shemeji maneno yake. Alikuwa amesimama na mkokoteni umejaa miiba mpaka juu, matawi mabichi ya mgunga, makubwa. Nyuma yake Adey, na nyuma ya Adey yule ndama, sasa ana tumbo. Mikono ya Dagane ilikuwa imechanika.

"Bishar ameondoka," akasema. "Nimemsindikiza mpaka darajani."

Dagane akavua viatu, akavishika mkononi, akashuka. Akaukanyaga udongo wa shamba kwa mara ya kwanza, taratibu, anakwepa miche. Akashusha tawi la kwanza, akaliweka kwenye pembe ya matuta ya Qali, upande wanaotokea viboko. Akaleta la pili. Nikangoja alirushe. Hakulirusha. Aliliingiza ndani ya lile la kwanza, akalikaza kwa mguu, akalifuma, akachukua la tatu.

Anasuka.

"Adey akiingia humu atamaliza kila kitu," akasema bila kugeuka. "Lazima iwe nene."

Qali alikaa chini pale alipokuwa amesimama. Shali ikamfunguka, na lile fundo la mbegu likawa mapajani mwake. Akajifuta macho kwa kiganja, akajifuta tena.

"Ni bilibili," akaniambia.

"Mwongo mkubwa wewe," nikasema. "Leo hatujachuma hata moja."